Kuzungusha wageni visiwa vya Kilwa kwa boti yako mwenyewe: anza na mwezi, ndipo wakate tiketi

#1 – Upondo

Wakuu, msimu wa wageni unakaribia na maswali ni yale yale: "Nina boti, nina ndugu na marafiki wanakuja, nataka kuwapeleka Kilwa Kisiwani, Sanje ya Kati na Songo Mnara. Nianzie wapi?" Naweka hapa ninachokijua, wengine mwongeze na mnirekebishe.

Anza na mwezi. Watu wengi wanapanga kinyume: mgeni anakata tiketi, anapewa hoteli, anaambiwa "Jumamosi tunakwenda visiwani," halafu Ijumaa usiku ndipo mwenye boti anaangalia maji. Jumamosi hiyo ikiangukia bamvua (siku za maji makubwa), saa 4 asubuhi maji yamepwa kabisa, na wageni wenye viatu vyeupe wanashushwa kwenye tope la mikoko.

Pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa kwa takriban dakika 50. Mwezi ukiwa mpevu, au ndio umeandama, maji yanajaa karibu saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, na yanapwa karibu saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Hiyo ni bamvua, na tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Wiki moja baadaye yanakuja maji mafu: yanajaa kwenye saa 4 asubuhi, tofauti yake mita moja na kidogo, na mkondo umelegea.

Safari ya Songo Mnara ya siku moja inataka maji yawe yanajaa unapofika na yawe juu unapoondoka. Kwa hiyo tafuta siku ambayo kilele cha maji ni kati ya saa 3 asubuhi na saa 6 mchana. Kwa hesabu ya mwezi wa Kiislamu ni karibu mwezi 7 hadi 9, tena mwezi 21 hadi 23. Baada ya hapo fungua jedwali la maji la mwaka huo uhakikishe saa na vimo vya siku yenyewe, maana mwezi wa kuandama unaweza kupishana siku moja na hesabu ya jedwali.

Mfano wa ratiba siku ambayo maji yanajaa saa 5 asubuhi:

Saa 12:30 watu wako kwenye boti, makoti ya kujiokolea yamevaliwa. Saa 1:00 mnaondoka Kilwa Masoko. Songo Mnara ni kama kilomita 20, na boti iliyobeba watu kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa inafika kabla ya saa 2:30. Maji bado yanapanda, hivyo ukigusa mchanga yatakuinua yenyewe. Magofu ya mji wa kale yaliyoko pale yanataka masaa 2 yasiyo na haraka. Saa 5 mnaondoka maji yakiwa juu, mnapumzika Sanje ya Kati au kwenye fungu la mchanga, na saa 8 hadi 9 mnatembea Kilwa Kisiwani. Kutoka hapo Masoko ni ng'ambo tu, kilomita 2 hivi, hata upepo ukiwa umechangamka.

Mwisho wa kuanza kurudi ni saa 9 alasiri, hata kama mtu anaomba "dakika tano tu." Jua kwetu linazama kwenye saa 12 na ushee, na mtego au fungu halionekani gizani.

#2 – Msafiri_Dar

Asante mkuu. Nina boti ya faiba ya mita 7, mashine moja ya HP 40 ya kuchanganya oili. Naweza kubeba watu wangapi, na mafuta lita ngapi? Pia hilo jedwali la maji nalisomaje kama njia ina sehemu ya kina kifupi?

#3 – Upondo

Idadi ya watu inayokubaliwa iko kwenye cheti cha ukaguzi cha TASAC (shirika la serikali linalosimamia vyombo vya majini). Usiongeze hata mtoto mmoja. Ndani ya idadi hiyo bado fanya hesabu ya uzito: watu 8 kwa wastani wa kilo 75 ni kilo 600, ongeza maji ya kunywa lita 30, mafuta, boksi la barafu na nanga, tayari uko karibu kilo 750. Kwa boti ya urefu wako ningechukua wageni 5 na mabaharia 2. Ukishapakia, simama gatini uangalie ubavu. Ukiona maji yamebakiza shubiri mbili kufika ukingoni, punguza mzigo kabla hujafungua kamba.

Kuhusu kina, tumia hesabu ya kumi na mbili. Chukua tofauti ya kupwa na kujaa, igawe kwa 12. Saa ya kwanza maji yanapanda sehemu 1, ya pili sehemu 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1.

Tuseme kupwa ni mita 0.6 na kujaa ni mita 3.0. Tofauti ni mita 2.4, kila sehemu ni sentimita 20. Baada ya saa moja maji yako mita 0.8, kisha 1.2, kisha 1.8, 2.4, 2.8, na mwisho 3.0. Sasa kama fungu la njiani linatoka nje maji yakiwa mita 1.0, na boti yako pamoja na mguu wa mashine inataka sentimita 80, huwezi kupita mpaka maji yafike 1.8, yaani masaa 3 kamili baada ya kupwa. Ongeza nusu saa ya tahadhari. Hesabu hiyo andika kwenye karatasi usiku ule, ibandike karibu na usukani.

Mafuta namwachia FundiMashine.

#4 – FundiMashine

Nimeitwa, nimekuja.

HP 40 ya kuchanganya, ikibeba watu kwa mwendo wa wastani, weka lita 12 kwa saa. Ukiifungua yote inapita 15. Songo Mnara kwenda ni lita 17, kurudi 17, mizunguko ya visiwani 10: jumla 44. Akiba ni nusu ya hiyo, yaani 22. Kwa hiyo unaondoka na lita 66. Kama kitabu cha mashine kinasema 50 kwa 1, oili ni lita 1.3. Changanya nchi kavu, kwenye dumu safi, petroli nusu kwanza, oili, kisha petroli iliyobaki, utikise. Kuchanganya ndani ya boti inayoyumba ndiko kunakoleta plagi chafu na moto.

Sasa sikilizeni mambo yanayozima mashine katikati ya maji, kwa mpangilio ninaoukagua mimi:

Tundu la hewa kwenye kifuniko cha tangi. Likiwa limefungwa, mashine inawaka vizuri, inakwenda dakika 5 au 10, halafu inalegea na kufa. Ukitazama tangi limejikunja mbavu, na kile kipira cha kubana kwenye bomba la mafuta kimenywea. Legeza skrubu ya kifuniko, subiri isikike inavuta pumzi, bana kipira mpaka kiwe kigumu, washa. Watu wamefungua kabureta baharini kwa kosa hili.

Maji ndani ya petroli. Mafuta yapitishe kwenye kitambaa laini au faneli yenye chujio, na dumu likae usiku kucha bila kuguswa. Usimimine lile tone la chini.

Maji ya kupooza. Mashine ikiwaka, lazima mchirizi utoke nyuma yake. Usipotoka ndani ya nusu dakika, zima. Mara nyingi ni mwani au mfuko wa plastiki umeziba vichujio vya mguuni: inua mashine, safisha kwa mkono. Kama pamesafishwa na bado hakuna mchirizi, impela (feni ndogo) ya pampu ya maji imekufa, na hiyo haitengenezwi kwa maombi. Iwe na mpya kabla ya msimu.

Pangaboi. Mashine nyingine zina pini ambayo inakatika ukigonga mwamba ili gia zipone. Dalili yake: mashine inaunguruma kwa nguvu, boti haisogei. Beba pini 2, koleo, na pini ya kufungia kokwa. Beba pia plagi 2, spana yake, kamba ya kuvutia ya akiba, na tochi ya kichwani.

Na ile kamba nyekundu ya kuzimia ifungwe kwenye mguu au koti la anayeendesha muda wote. Boti ikimtupa nahodha bila kamba hiyo, inageuka na kuzunguka, na pangaboi linawarudia waliomo majini.

#5 – BintiMasoko

Naongeza upande wa wageni, maana hapa ndipo mambo madogo yanapoharibu siku.

Kibali cha magofu kinapatikana Masoko, kwenye ofisi inayosimamia magofu, siku moja kabla. Ukifika kisiwani bila risiti utarudishwa na utakuwa umechoma mafuta bure. Chukueni mwongoza wageni anayetoka huko huko. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ni urithi wa dunia tangu 1981, na kati ya 2004 na 2014 vilikuwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini kwa sababu kuta zilikuwa zinaanguka. Msimruhusu mgeni kupanda ukuta wa Husuni Kubwa, lile gofu la kasri la Kisiwani, ili apige picha. Matumbawe yale yameshikwa na chokaa ya miaka 700, teke moja linatosha kung'oa jiwe.

Kisiwani kuna vijiji na watu wanaishi. Kwanza salamu, halafu kamera. Mgeni aliyetoka kuogelea ajifunge khanga au kikoi kabla hajapanda pwani. Mimi huweka khanga 4 kwenye mfuko usioingia maji, na huwa zinatumika kwa mengi: kivuli, blanketi la mtoto, pazia.

Na pazia ndilo jambo ambalo wanaume hawalitaji. Safari ni masaa 8. Wekeni ndoo yenye mfuniko tezini (nyuma ya boti) na kitambaa cha kuzungushia, na muwaambie wageni wa kike tangu mwanzo kwamba ipo. Usipowaambia, hawanywi maji kwa kuogopa, na saa 7 mchana kichwa kinawapasuka kwa jua.

Maji ya kunywa lita 4 kwa kila mtu, nusu yake yakiwa yamegandishwa kwenye chupa ili yapooze chakula. Chakula kiwe kikavu na chepesi asubuhi: mkate wa kumimina, ndizi, mayai. Chai ya maziwa na maandazi ya mafuta mengi ndiyo yanayorudi juu mkifika penye wimbi. Anayeugua bahari ameze dawa saa moja kabla ya kuondoka, akae katikati kuelekea tezi ambako boti inarukaruka kidogo, atazame upeo wa macho, asishike simu. Tangawizi ya kutafuna inasaidia wengine.

#6 – Mzee_wa_Omo

Upondo, nakuheshimu, lakini kwenye maji mafu sikubaliani nawe moja kwa moja. Maji mafu hayapandi kimo. Kwenye bamvua maji yanaweza kufika mita 3.5, kwenye maji mafu yanaishia 2.4 hivi. Upande ule wa mikoko Songo Mnara, tofauti hiyo ya mita moja ndiyo inayoamua kama unashuka kwenye mchanga au unatembea kwenye tope mita mia kadhaa. Mtu mwenye boti ya mkuku mrefu akifuata ratiba yako atafika saa 2:30, maji yako 2.0, na ataishia nje.

Mimi ningechagua mwezi 5 au 6, tena 19 au 20. Maji yanajaa kati ya saa 1 na saa 2 na nusu asubuhi, na bado yana kimo cha kutosha. Mnaondoka kunapambazuka.

#7 – Upondo

Mzee, kwa kimo uko sahihi na sikulieleza. Lakini angalia upande wa pili: maji yakijaa saa 1:30 na wageni wakashuka saa 1:30, wakitoka kwenye magofu saa 3:30 maji yameshuka masaa 2, na kwa hesabu ya kumi na mbili saa ya tatu ndiyo yanayokimbia. Boti iliyoachwa ufukweni itakuwa imelala ubavu.

Suluhisho linaloziba pengo la ratiba zote mbili ni moja: boti kubwa isiletwe pwani. Ishushe wageni, baharia mmoja airudishe kwenye kilindi atie nanga, na mkimaliza muifuate kwa mtumbwi au dau dogo la kijijini. Kubalianeni bei na mwenye dau kabla wageni hawajashuka.

Na siku za bamvua kamili msiende Songo Mnara kabisa. Bakini Kisiwani: ngome ya Gereza, Msikiti Mkuu, Husuni Kubwa. Ni karibu, na mnaweza kusubiri maji bila hofu. Msafiri maarufu Ibn Battuta alifika mji ule 1331, wageni wakiambiwa hivyo huku wamesimama chini ya kuba za msikiti hawajutii hata kidogo.

#8 – Mzee_wa_Omo

Hapo tumekutana. Basi tuseme kuhusu kupwelewa, maana hata mwenye hesabu nzuri kuna siku atapwelewa.

Ukigusa, zima mashine papo hapo na uinue mguu. Usirudishe nyuma kwa nguvu: mashine itanyonya mchanga na kuua pampu. Watu wahamie upande ule ambao boti imeelea. Wawili wenye viatu washuke, wasukume kurudi kule mlikotoka, mwingine asaidie kwa upondo (mti mrefu wa kusukumia boti). Kama maji yanapwa una dakika 10 za kuhangaika, zikipita hizo acha.

Ukishaona haitoki, jua muda wa kusubiri. Ukikwama masaa 2 kabla ya maji kupwa, utaelea baada ya masaa 4 hivi. Ukikwama saa moja tu baada ya maji kujaa, unasubiri zaidi ya masaa 10, mpaka saa moja kabla ya kujaa kunakofuata. Na kama bamvua limeshapita na kila siku kimo kinapungua, maji yajayo yanaweza yasikufikie. Ndiyo maana karibu na kilele cha maji naendesha kwa mwendo wa mtu anayetembea, baharia yuko omoni (mbele ya boti) na upondo anapima.

Wakati mnasubiri, pelekeni nanga kwa miguu kuelekea kilindini, kamba ikazwe, ili maji yakirudi yasiisukume boti juu zaidi ya fungu. Wekeni gadi (miti ya kuegemeza) au madumu chini ya ubavu boti ikae wima. Kivuli kwa khanga za BintiMasoko. Mpigieni mtu wa nchi kavu mmweleze mko wapi na mtaelea saa ngapi. Mtu huyo lazima awe na ratiba yenu kabla hamjaondoka, na ajue saa ya kutoa taarifa asipowasikia. Kama mna redio ya VHF, dharura ni chaneli 16.

#9 – Msafiri_Dar

Nanga nayo? Kamba yangu ina mita 15. Na kusi (upepo wa kusini) likiwa limeshika?

#10 – Mzee_wa_Omo

Mita 15 haitoshi. Kosa ni kupima kina cha sasa ukasahau kinachokuja. Ukitia nanga maji yamepwa kwenye mita 2, bamvua litaongeza mita 3, unakuwa kwenye mita 5. Kamba iwe mara 5 hadi 7 ya kina hicho, yaani mita 25 hadi 35, na mbele yake mnyororo wa mita 3 au 4 ili nanga ilale chini na kuuma. Kamba fupi inainua nanga wima, boti inaburuta taratibu bila mtu kujua. Tafuta alama mbili nchi kavu zilizo kwenye mstari mmoja, mnazi na paa kwa mfano. Zikiachana, unaburuta. Nanga iangukie mchanga, pale penye rangi nyeupe iliyofifia, usiitupe kwenye matumbawe.

Rangi ndiyo ramani yako. Buluu nzito ni kilindi, kijani ni kina cha wastani, nyeupe ni fungu, kahawia ni mwamba au nyasi. Unazisoma jua likiwa nyuma yako au utosini. Jua likiwa usoni maji yote yanameta sawasawa na huoni kitu, kwa hiyo usiingie njia usiyoijua ukielekea jua.

Kusi: Songo Mnara iko kusini, kwa hiyo kuanzia Aprili hadi Septemba unakwenda dhidi ya upepo na kurudi nao. Asubuhi umande, yaani upepo wa kutoka bara, unatuliza, upepo unashika kwenye saa 4. Pitia ndani, nyuma ya visiwa. Nje acha, hasa Juni na Julai. Hatari zaidi ni milangoni (njia za maji kati ya visiwa kwenda nje), pale maji yanapopwa kwenda nje na kusi linasukuma kuja ndani: wimbi linasimama wima na fupi, linavunjika ghafla. Subiri maji yageuke. Wakati wa kurudi, wimbi likiwa tezini, watu warudi nyuma kidogo omo iinuke, na mwendo ufuate wimbi. Usilipite ukachomeka omo kwenye la mbele, wala usilegee likakupanda tezini na kuigeuza boti ubavu.

#11 – BintiMasoko

Swali ambalo hamjaulizwa na wageni watauliza: kuogelea. Mashine izimwe na ufunguo utolewe kabla mtu wa kwanza hajaruka, na izimwe mpaka wa mwisho awe ameshika ngazi. Tupeni kamba ya mita 20 yenye boya nyuma ya boti, ielee. Anayeshindwa na mkondo anaishika hapo. Bamvua likiwa linapwa msiogelee mlangoni hata kidogo.

Wote wavae viatu, na kwenye mchanga waburute nyayo badala ya kukanyaga, ili taa (samaki bapa mwenye mwiba mkiani) asikie na kuondoka. Aliyechomwa na taa au samaki wa miiba ya sumu, kidonda kisafishwe kwanza, kisha mguu uingizwe kwenye maji ya moto kadiri anavyovumilia bila kuungua, yasizidi nyuzi 45, kwa nusu saa hadi saa moja na nusu. Sumu ile inavunjwa na joto na maumivu yanapungua. Mwiba ulioingia ndani sana kifuani au tumboni usiung'oe, mpeleke hospitali nao. Kwa hiyo chupa ya chai yenye maji ya moto isimalizwe asubuhi, ibakizeni. Na mtu mmoja apewe kazi ya kupima joto kwa mkono wake mwenyewe, maana mguu unaouma hausikii kuungua.

#12 – FundiMashine

Mkirudi Masoko, kabla ya kuagana: suuza mashine kwa maji baridi (yasiyo ya chumvi) dakika 10 ikiwa inaunguruma, kwenye pipa au kwa mpira. Chomoa bomba la mafuta iwake mpaka ikauke yenyewe. Fungua kizibo cha tezini ngama (maji yaliyoingia ndani ya boti) yote itoke, kisha kirudishe mahali pake na kukaza siku hiyo hiyo, wakati bado unakikumbuka.